Kioo Kwenye Paja la Shemeji

Saa 5:10 asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji, mlango umefungwa kwa ndani. Kipara, mkuu wao, alichora duka la sonara kwa chaki sakafuni. Dakika mbili, alisema, hata moja isizidi. Dresa abaki mlangoni na bastola. Shemeji avunje makabati, ajaze begi. Kipara mwenyewe kwenye usukani.

Dresa alikuwa amefunga vidonda hospitalini miaka tisa kabla ya kufukuzwa. Shemeji ni mdogo wa mkewe, na ndiye pekee wa ukoo ule aliyekuwa bado anamsalimia. Asubuhi hiyo mkewe alimwambia neno moja tu: mrudishe.

Saa 6:02 mchana. Nyundo ikala kioo. Sonara akalala chini bila kuambiwa mara mbili. Kipara akapiga honi, na Shemeji, badala ya kuizunguka kaunta, akairuka. Hakufika vizuri.

Saa 6:04. Ndani ya gari. Kipande cha kioo, urefu wa kidole, kimezama pajani. Damu ni kidogo. Dresa alisema kiachwe hapohapo, kizungushiwe nguo kisicheze, mengine ni ya daktari. Kipara alisema haya mambo ya kudekezana ndiyo yaliyomfukuzisha kazi. Foleni iliposimama, akageuka, akakichomoa.

Damu ikaruka mpaka kwenye kiti cha mbele.

Dresa alivua shati, akalikunja, akakandamiza kwa viganja viwili na uzito wake wote. Likalowa. Akaongeza koti juu yake. Shemeji aliuliza kama suruali itatakata, maana ni ya kuazima.

Saa 6:09. Kipara aliegesha kando ya ukuta wa kiwanda.

"Mshushe."

"Hospitali iko hapo mbele tu."

"Na polisi wako hapohapo. Mshushe twende, au shuka naye."

Akashuka naye. Bastola ikabaki kwenye kiti. Gari likaondoka na begi.

Mlinzi wa geti alitoa simu. Dresa alimwambia aite gari la wagonjwa, na wasipopokea, aite polisi.

Saa 6:21. Askari wawili walishuka na bunduki.

"Mikono juu."

"Siwezi, afande. Nikiinua, huyu anakwisha."

Askari wa kwanza alitazama. Akampa mwenzake bunduki, akapiga magoti kwenye damu. Dresa alimwonyesha pa kuweka viganja, kisha akavitoa vyake kimoja kimoja.

"Bana hivyohivyo. Usifunue kuchungulia. Ikilowa, ongeza nguo juu."

Askari akabana. Shemeji alikuwa anapumua.

Dresa alisimama, akamnyooshea yule wa pili mikono. Pingu ziliteleza mara mbili kabla ya kushika.