Keria Tupu

Jioni ile tulikwenda Igoma kuchukua baiskeli, basi. Hatukwenda kwa mganga. Hatukuwa na ugomvi na mtu. Tulifuata baiskeli mbili za kukodi.

Mama yetu alikuwa amelala nyumbani Pasiansi, kiharusi kimempiga upande mmoja, mdomo umepinda, hawezi hata kutamka jina la mtoto wake. Kabla ya kuugua alikuwa ameweka nadhiri kwamba atakwenda kuhiji Nyakijoga, kwetu Kagera, kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, bila kupanda gari. Sasa mwili ulikuwa umekataa. Hospitali walitushauri tumrudishe nyumbani, tumpe uji, tumwombee. Tulielewa maana yake.

Ndipo mdogo wangu Deodatus aliposema, "Dada Leonsia, twende sisi kwa niaba yake. Kwa baiskeli. Tulizunguke ziwa mpaka kwa Bikira Maria."

Deo alikuwa kijana wa mwili na wa utani. Angeweza kutaniana hata na askari wa barabarani. Mimi ndiye niliyekuwa mzito. Nilifunga mablanketi, sufuria, viatu vya kanisani. Yeye akavitoa vyote, kimoja kimoja, akavirudisha kabatini.

"Mlima haujui kama mzigo wako ni wa maana," alisema. "Tunakwenda wepesi, dada."

Kilichobaki kilienea kwenye begi moja dogo, nami nikakubali kulifunga nyuma ya kiti changu. Nyuma ya kiti cha Deo ingebaki keria ya chuma, tupu, ili nikichoka anipokee.

Masele, mwenye baiskeli, alitukagulia breki, akatia mafuta kwenye cheni, akatutakia safari njema. Jua lilikuwa limeshazama tulipozikokota baiskeli kutoka uani kwake kwenda barabara kubwa. Kando ya mtaro alikuwa amesimama mwanamke. Alijitanda kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi. Mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

Hakuitikia. Alikuwa anaitazama keria ya Deo.

"Mnakwenda wapi, wanangu?"

"Bukoba, mama," Deo akajibu. "Tunakwenda kuhiji."

"Hapo nyuma pana mtu?"

"Hapana mtu."

"Na mzigo?"

"Hakuna mzigo, mama. Nafasi ipo tele. Panda tu, twende!"

Deo akacheka. Mimi pia nikacheka. Yule mwanamke hakucheka.

"Asante, baba," alisema taratibu.

Lori likapita na taa zake, tukafumba macho. Tulipoyafumbua, kando ya mtaro hapakuwa na mtu. Palibaki harufu... ya matope ya ziwani, na ya nguo iliyokaa na unyevu muda mrefu.

Deo alipanda baiskeli yake. Akakanyaga pedali. Ikayumba.

"Huyu Masele kanipa jiwe," akalalamika, bado anacheka.

Tulianza safari alfajiri. Nilimbusu Mama kwenye paji la uso, nikamwacha na jirani yetu Odeta. Mpaka Usagara nilidhani Deo ananisubiri kwa upole, maana alikuwa nyuma yangu kila nikigeuka. Kabla ya Kigongo nikasikia anavyohema. Kijana yule ambaye hupanda kilima cha Pasiansi huku anaimba alikuwa anahema kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Tukaingia darajani. Ziwa kulia, ziwa kushoto, upepo, na jua la asubuhi mgongoni. Vivuli vyetu vilikuwa mbele yetu, virefu, vinakimbia juu ya lami. Nikatazama cha kwangu. Mtu, baiskeli, begi.

Nikatazama cha Deo.

Kilikuwa na vichwa viwili.

Cha pili kilikuwa nyuma ya cha kwanza, kimefunikwa. Miguu ilining'inia upande mmoja, kama wanawake wanavyokaa kwenye keria.

Niligeuka ghafla nusura nianguke. Deo alikuwa peke yake. Keria tupu.

"Vipi, dada?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Tuongeze mwendo."

Sengerema tulimtafuta fundi. Aliipindua baiskeli, akalizungusha kwa mkono gurudumu la nyuma, likazunguka laini, halitaki kusimama. "Baiskeli haina shida," akasema. Deo akaipanda, tairi likabonyea mpaka karibu na rimu.

Tukaanza kupunguza. Tuligawa nguo. Tuligawa raba za akiba, pampu, hata sabuni. Karibu na Geita tulibaki na chupa ya maji, rozari na nguo tulizovaa, na bado Deo alikuwa anasukuma kwenye tambarare. Nikamwambia tubadilishane. Nikapanda ya kwake. Nakuapia, ilikuwa nyepesi kama ya mtoto! Nikafurahi, nikageuka nimwambie.

Deo alikuwa ameinama juu ya baiskeli yangu, jasho linamchuruzika, tairi la nyuma limebonyea.

Kumbe haikuwa baiskeli.

Mbele kidogo barabara ilikuwa inatengenezwa, tukapita pembeni kwenye tope la mvua. Nilisimama nikaangalia alama zetu. Za kwangu zilikuwa mikwaruzo tu. Za kwake zilichimba tope kama za baiskeli iliyopakia gunia.

"Deo, tupande basi turudi nyumbani."

Akatikisa kichwa. Midomo ilikuwa imemkauka. Akanisogelea, akanong'ona.

"Nikipanda basi, si atakaa na watu? Kuna watoto mle ndani."

"Nani atakaa, Deo?"

"Usiangalie nyuma yangu, dada. Anapumua. Amenishika kiunoni."

Mikono ya Deo mwenyewe haikuwa kiunoni. Ilikuwa kwenye usukani, yote miwili. Lakini shati lake, pale kiunoni, lilikuwa limekunjamana na kubana, kama linavyobanwa na mikono ya mtu. Nilitaka kupiga kelele. Nikaanza Salamu Maria, nikasahau maneno katikati.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa Odeta.

"Leonsia! Mama yako ameongea!"

Nikapiga magoti palepale topeni. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikafikiri nadhiri imepokelewa hata kabla hatujafika.

"Amesema nini, Odeta? Niambie."

"Neno moja tu. Analirudia tangu asubuhi. Analia na kulirudia. Anasema... 'Mshusheni. Mshusheni.' Mnamwelewa?"

Hatukurudi wala hatukusimama. Nini tungefanya? Hatukujua anashushwaje. Padre mmoja njiani alimwekea Deo mikono, akamnyunyizia maji ya baraka. Kwa muda mfupi Deo alinyoosha mgongo, akatabasamu. Tulipotoka kanisani akapinda tena, zaidi ya mwanzo. Hata akitembea kwa miguu sasa alikuwa anapinda. Alikuwa amekonda. Mashavu yameingia. Chakula alikuwa anakitazama tu.

Giza la siku ya tatu lilianza kuingia tukiwa kwenye msitu kabla ya Biharamulo. Miti pande zote, magari yamekatika. Tukaona kibanda cha nyasi na chupa za asali zimepangwa mezani, na mzee anazikusanya aziingize ndani. Tulimjua jina baadaye. Mzee Mihayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Karibuni nyote."

Akaleta vigoda. Kimoja akanipa mimi. Kimoja akampa Deo.

Cha tatu akakiweka nyuma ya Deo.

Kisha akasita. Akainua uso taratibu, akamtazama mdogo wangu, akatazama nyuma yake. Kile kigoda cha tatu kikalia kwa uzito... kriii... na miguu yake ikazama mchangani.

Mzee Mihayo alinishika mkono akanivuta nyuma ya kibanda. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mmemtoa wapi?"

"Igoma. Mdogo wangu alimtania tu. Alimwambia nafasi ipo."

"Alimwambia apande? Kwa kinywa chake?"

"Ndiyo."

Mzee akafumba macho.

"Ni nani yule, mzee?"

"Sijui. Wengine wanasema alizama. Wengine wanasema alikuwa mgonjwa, mume wake akamshusha njiani akamwacha. Mimi ninauza asali hapa miaka mingi. Nimemwona akipita, kila mara na mwendesha baiskeli mwingine. Wakati mwingine anapita akiwa anaendesha mwenyewe."

"Anashukia wapi?"

"Huyo hashuki, mwanangu. Anayeshuka ni yule aliyembeba."

Nikamuuliza kama kuna dawa. Akaniambia abiria wa namna hiyo ukimwamuru ashuke siku ileile, kabla hajakuzoea, anashuka, wala hapandi tena popote; anapotelea hapohapo. Siku zikipita amri haisaidii tena.

"Usimwache alale," akamalizia. "Sina kingine cha kukuambia."

Nilimkalisha Deo kando ya moto. Tulisali. Tulisimuliana habari za utoto wetu, shamba la migomba la babu, Mama alivyotukimbiza na fimbo ya kahawa. Kichwa kilikuwa kinamwanguka, namshika, namtikisa. Akaanza kulia kama mtoto.

"Dada, nimechoka. Niache nipumzike kidogo tu."

"Hapana, Deo. Nitazame."

"Mwambie Mama nilijaribu."

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilipofumbua macho kulikuwa kumepambazuka, moto umezima, na mahali pa Deo palikuwa patupu.

Alikuwa nje. Amenawa uso, amenyooka, mashavu yanang'aa. Nikamkimbilia nikamkumbatia kwa furaha. Hakunikumbatia. Mwili wake ulikuwa na unyevu, na pale shingoni nikaisikia. Matope ya ziwani.

Mzee Mihayo akatoka kibandani.

"Mwangaluka," Deo akamsalimia.

Hiyo kila mtu wa Mwanza anaijua. Lakini aliendelea. Alimwaga Kisukuma kirefu, laini, cha mtu mzima aliyezaliwa nacho. Deo wetu alijua Kiswahili na Kihaya kidogo cha kuombea maji. Mzee alirudi ndani, akafunga mlango.

"Turudi nyumbani," akaniambia yule mwenye uso wa mdogo wangu. "Mama ananisubiri."

"Na nadhiri?"

"Nadhiri gani?"

Akapanda baiskeli, akaondoka kuelekea Mwanza kama karatasi kwenye upepo. Nikapanda yangu nimfuate. Sikuwa na begi. Sikuwa na kitu. Nikakanyaga pedali.

Haikwenda.

Nikakanyaga kwa nguvu zote. Baiskeli ikayumba, tairi la nyuma likabonyea. Safari hii hapakuwa na harufu ya matope. Kulikuwa na harufu ya jasho na sabuni ya kipande, harufu ninayoijua tangu tunalala kitanda kimoja utotoni. Kitu kikanishika kiunoni, kwa woga. Kisha pumzi sikioni.

"Dada... usiniache hapa porini."

Ningefanyaje? Wewe ungefanyaje? Nilijua neno la kusema, na siku ilikuwa bado ile ya kwanza. Neno moja tu, ningekuwa huru, naye angepotelea palepale kwenye majani ya Biharamulo, asionekane tena.

Nikasema, "Nishike vizuri, Deo."

Nimemleta mpaka Pasiansi. Baiskeli ya Masele nilikwenda kuirudisha, lakini uzito haukubaki Igoma. Nausikia nikichota maji. Nausikia nikipanda ngazi za kanisa. Watu wananiuliza kwa nini natembea nimeinama, nami nawaambia ni mgongo. Usiku napigana na usingizi, na kila siku nashindwa mapema zaidi.

Yule mwingine anaishi nasi. Anaamka mapema, anafua, anapika. Majirani wanamsifu, wanasema hija imembadilisha. Anamlisha Mama uji kwa kijiko, anambembeleza kwa Kisukuma. Mama anafumba mdomo, uji unamtiririka shingoni. Tangu tuliporudi hakusema neno, mpaka jana. Lile "mshusheni" lilikatika asubuhi ileile ya kule msituni, Odeta ananiambia.

Jana jioni niliketi kitandani kwake nimsugue mkono. Jicho lake zima halikunitazama mimi. Lilitazama juu ya bega langu, kwa muda mrefu. Machozi yakamjaa. Akainua ule mkono wenye uhai, akaupitisha kando ya sikio langu, akapapasa hewa nyuma yangu, taratibu, kama anayepapasa shavu la mtu.

Midomo yake ikahangaika.

"Deo," akasema.

Mgongoni mwangu uzito ule ukaanza kutikisika kwa kilio. Lakini hakuna sauti iliyosikika kutoka kwake.

Aliyeitika alikuwa jikoni. Kwa sauti ya Deo, sauti nzito ya kiume, ila akaitika wanavyoitika wanawake.

"Abee, mama."

Nikasikia anaweka kijiko chini, anakuja.