Paa Juu ya Paa

Mvua ilikuwa haijanyesha mtaani Simi-Simi kwa siku tisa, lakini payoti ya mama Kadidja, kibanda chake cha kuuzia chakula, ilivuja. Tone moja lilimwangukia mkononi akipakua wali, la vuguvugu, la manjano, na lilipokauka liliacha utando wa mafuta. Alilinusa. Samaki, akajiambia, akajifuta kwenye kitenge.

Ubahili ndio uliomponza. Majani mapana ya mangongo yaliyoezekewa payoti yalikuwa yameoza, na fundi Cyprien alimweleza kanuni vizuri: paa la zamani hupigiwa hodi mara tatu kwenye nguzo, mkangoja hadi jua lishuke, ndipo mbomoe, maana penye moshi na kivuli hapakosi mwenyeji. Kadidja hakutaka kuzima moto hata siku moja. Akaamuru majani mapya yapangwe juu ya yaliyooza. Cyprien alifanya, akaondoka bila kugusa chai. Moto ukaendelea kuwaka chini, kwani chakula kilichompa mama huyo jina ni liboke ya ngolo, samaki anayefungwa ndani ya mangongo hayohayo akaiva kwa mvuke wake mwenyewe.

Tangu siku ile wateja waliongezeka. Walilamba hata majani. Na Nasra, binti yake wa pekee, aliyekwisha kupoteza mimba mbili na sasa akiwa na miezi sita ya hii ya tatu, akitapika kila kitu, alianza kula. Alikula liboke ya mama yake tu, asubuhi na jioni, na Kadidja akamshukuru Mungu kwa machozi.

Kisha akaona tone likiingia kwenye bakuli la pilipili, na mteja akichovya palepale na kufumba macho kwa utamu. Akaimwaga pilipili, lakini moto hakuuzima. Kesho yake Nasra alikohoa akila, na mama akaona unywele mweupe kati ya meno ya mwanawe, akaushika, akavuta, ukaja, akavuta tena, ukazidi kuja kutoka ndani kabisa, mrefu, wenye mafuta, wenye harufu ya maji ya samaki yaliyolala, mpaka ukamzunguka kiganja mara nane na Nasra bado anatafuna, hana habari, anamtazama mama yake kwa macho ya shibe.

Kadidja alimfuata mwalimu Bilali wa msikitini, akaja naye pamoja na Cyprien baada ya alasiri. Mwalimu alipiga hodi kwenye nguzo, mara tatu. Akaweka leso puani, akauliza chinichini, "Mama, nani iko anapika huku juu?"

Cyprien alipanda, akabandua majani mapya, akashuka haraka, akawaachia ngazi wajionee. Katikati ya paa na paa kulikuwa na liboke moja kubwa kama mtu aliyechuchumaa, imefungwa kwa fundo la Kadidja mwenyewe: kamba imesokotwa mara mbili kushoto, mkia ukachomekwa ndani. Alirithi fundo hilo kwa mama yake, na mjini hakuna mwingine aliyelijua. Kwa chini mzigo ulikuwa umepasuka. Ndani mlikuwa na ngozi nyembamba kama utando wa maziwa, kucha nyingi mno, na mafuta ya manjano ambayo bado yalichemka taratibu. Mwili haukuwemo.

"Ulimufunga mwenyeji wa paa, mama," mwalimu alinong'ona. "Ukamuweka juu ya moto. Nilikuya kumufukuza, lakini huku hakuna wa kufukuza. Mulishamukula."

Kadidja aliwafikiria wateja, akajionea haya, kwa sababu papo hapo aliwasahau. Aligeuka kumtafuta Nasra. Alikuwa kwenye benchi karibu na jiko, analamba jani lililokwisha kuwa safi.

"Mama, haiko ingine?" akauliza. "Mutoto anacheza. Shika."

Akapandisha blauzi, akauchukua mkono wa mama yake na kuuweka tumboni. Ngozi ilikuwa ya vuguvugu na ikitoa mafuta, kijani kibichi, imepigwa mistari myembamba ya mishipa kama jani la mangongo. Kitovu kilikuwa kimesokotwa mara mbili kushoto, mkia ukachomekwa ndani.