Wawili Ndani ya Bwawa Tupu

Mwezi wa Septemba, duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea pale mjini Laval hujaa watu kama vile kuna kitu kinagawiwa bure. Kila mmoja ameshika chupa ya maji ya bwawa lake, apimiwe kabla ya kulifunga kwa majira ya baridi, na kila mmoja anamsukuma mwenzake, kwani barafu haina subira na mtu.

Mireille Quesnel alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni. Alivaa koti la mvua la manjano, nywele zake nyekundu amezibana kwa kalamu. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu mwenye kofia ya kijani na mikono yenye madoa ya waridi, rangi ya yale maji ya kuzuia barafu yanayomiminwa kwenye mabomba. Jamaa aliikodolea macho chupa ya Mireille.

"Bibie, bwawa hili haliogelewi."

"Wewe nani, mganga wa maji?"

"Gaétan Plourde, fundi. Maji ya watu wenye raha huwa na mafuta ya jua na makombo ya viazi vya kukaanga. Haya yako maangavu kama machozi."

Mireille alitaka kukasirika, akajikuta anacheka hadi kalamu ikamponyoka nywelani. Gaétan akaiokota, akaandika nayo namba yake ya simu juu ya chupa. Mjanja huyo!

Kweli bwawa lile halikuogelewa. Tangu baba yake afariki, mama yake, Bi Lucille, alikuwa akihamia Florida kuota jua kila baridi, na Mireille akabaki kulinda nyumba. Watu wa bima walitaka mtu aingie humo kila siku, aguse mabomba, ahakikishe hayajaganda na kupasuka. Baridi sita mfululizo, msichana wa miaka thelathini na minne hajalala kwingine. Ukienda kumtembelea unamkuta anapapasa mabomba kama daktari anayetafuta mshipa.

Kwa wiki mbili simu hazikukatika.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Na wewe, fundi wangu, umeoga? Nasikia harufu ya klorini hadi huku."

"Nisikilize. Mwisho wa mwezi huu nahamia mji wa Rimouski, kwenye karakana ya kaka yangu. Twende wote."

"Nitamwambia mama."

Hapo ndipo alipokosea. Bi Lucille, aliyekuwa akifunga masanduku aondoke mapema mwaka huo, alimpigia Gaétan kwa sauti tamu kuliko sharubati ya utomvu wa mti: "Mwanangu, mwache binti yangu, amechumbiwa na wakala wa bima." Kisha akamgeukia binti: "Yule fundi wako ana mke kule mjini Sorel. Nimeulizia." Akapanda ndege. Simu zikakatika. Gaétan alijiona mjinga, Mireille alijiona mjinga zaidi, na wote wawili wakawa na kiburi cha kutosha kutoulizana.

Ikafika wikendi ya mwisho wa mwezi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mtaa mzima ulikuwa umekwenda mashambani kuchuma matufaha, kama ilivyo ada. Mireille akasema: fundi wa nini? Nitalifunga mwenyewe. Akang'oa ngazi ya chuma akaiweka bandani, sawa. Akapuliza mabomba maji yatoke, sawa. Lakini badala ya kushusha maji kidogo tu na kuyaacha yakae humo baridi nzima, aliiacha pampu inyonye usiku kucha hadi tone la mwisho, akidhani bwawa tupu haligandi. Jumapili mchana akashukia upande wa kina kifupi kuokota majani. Sakafu ilikuwa na utando wa kijani wenye utelezi. Buti za marehemu baba yake zikamkana, akateleza ule mteremko wote hadi kwenye kina, puu!

Akajaribu kupanda, akateleza. Akavua buti, akateleza vizuri zaidi. Kuta laini, juu kuliko mikono yake. Akapiga kelele saa nzima akajibiwa na bata wa mwituni waliokuwa wakipita angani kwenda kusini, nao wanaelekea Florida.

Gaétan ndiyo kwanza alikuwa amefika kufunga bwawa la nyumba ya tatu kutoka hapo. Aliona maji yamefurika barabara nzima, akaelewa bwawa la nani limemwagwa lote, akakimbia mbio. Alipomwona chini, hakufikiria kamba, hakufikiria ngazi. Alishuka mteremko kwa hatua mbili, ya tatu ikawa ya makalio. Akatua miguuni pa Mireille.

"Shikamoo, fundi," Mireille akasema. "Miaka kumi na mitano ya kazi, na umeingia bila kamba!"

"Nilikuona umelala."

"Nilikuwa nimekaa! Mkeo wa Sorel anajua uko hapa?"

"Mke gani? Wewe mchumba wako wa bima anajua umemwaga maji yote?"

"Mchumba gani?"

Wakatazamana. Juu, kwenye meza ya kando ya bwawa, simu ya Mireille ikaanza kulia. Saa tisa kamili. Bi Lucille hupiga saa tisa kila siku kuuliza hali ya mabomba. Iliita, ikakatika, ikaita tena, nao wako chini wanaisikiliza kama wafungwa wanaosikia funguo za askari.

"Mama," Mireille akanong'ona. "Ametudanganya wote wawili."

"Na wewe ukamwamini."

"Na wewe je?"

Gaétan akamvua koti lililolowa, akamvisha lake. Ndipo sakafu ikalia chini yao, mlio mnene, kama tumbo la mtu aliyekosa chakula. Gaétan akabadilika rangi.

"Nini hicho?"

"Bwawa lenu ni karai moja la plastiki ngumu, limefukiwa tu. Maji ya mvua yamejaa chini yake. Uzito wa maji ya ndani ndio uliokuwa unalikandamiza. Sasa ni mtumbwi."

"Litapasuka?"

"Huenda. Mireille, kabla halijapasuka, niambie. Rimouski unakuja au huji?"

"Na nyumba?"

"Sikuulizi habari za nyumba."

Mireille alizitazama kuta zile nyeupe. Aliona zinafanana na Januari, Februari na Machi, theluji tupu. "Nakuja," akasema. "Hata kwa miguu."

Na hapa msomaji, ukitaka kubisha, bisha. Lile karai liliguna, likatikisika, likainuka! Upande wa kina, wenye maji mengi chini yake, ulipanda kwanza, vigae vya pembeni vikaruka kama karanga kikaangoni. Mteremko ukalala, ukawa sawa kama sakafu ya sebule. Wakashikana mikono, wakatambaa, wakatoka nje kwa magoti. Bwawa lilisimama bustanini limebetuka, refu kuliko ua wa nyumba.

Simu ikalia tena. Mireille akaipokea kwa vidole vya kijani.

"Mbona hupokei? Mabomba salama?"

"Salama, mama. Bwawa ndilo limetoka ardhini."

"Limetoka likaenda wapi? Mireille! Nani atalinda nyumba?"

"Rudi uilinde, au iuze. Mimi nahamia Rimouski na fundi. Hana mke."

"Utaniacha hivihivi, mama yako?"

Hilo lilimchoma. Gaétan aliona, akatazama kando, asimharakishe.

"Nakupenda, mama," akasema. "Nitakupigia jua likishakuchwa. Usipige saa tisa."

Akakata. Akaingia ndani akarudi na sanduku moja dogo, peku, tope limemkauka hadi magotini.

"Hutaoga kwanza, laazizi?"

"Nikioga," Mireille akasema, akifungua mlango wa gari la fundi, "nitaanza kukagua mabomba. Washa gari."