Kibao cha Ngazi za Mtoni

Chiriku alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu alipoona viatu vyeusi vilivyojaa tope vikisimama kando ya beseni lake. Aliinua macho. Mwanamume asiyemjua alikuwa amekumbatia daftari nene.

"Nimepiga hodi mlangoni mpaka nikachoka, mwanangu. Mama yupo?"

"Shikamoo. Mama amempelekea mteja nguo zake. Yeye ni fundi cherehani."

"Marahaba. Mimi ni karani wa manispaa. Tunaandika historia ya kitongoji hiki, na wiki ijayo tutaweka kibao kwenye zile ngazi za mawe zinazoshuka mtoni. Unajua nani alizijenga?"

Msichana huyu wa darasa la sita aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ngazi zile alizipanda na kuzishuka kila siku, lakini hakuwahi kujiuliza zilitoka wapi. Alijua jambo moja tu: marehemu babu yake alikuwa mwashi, na aliwahi kufanya kazi pale.

"Babu yangu," alisema. Karani akafungua daftari na kuandika. Kule kuandikwa kukamnogea Chiriku. "Alizijenga peke yake. Vidato vyote arobaini!"

"Peke yake?"

"Peke yake. Babu alikuwa na nguvu."

Karani akashukuru, akaenda zake. Mama aliporudi, Chiriku hakumweleza kitu.

Kibao kilipigiliwa Jumatano. Shuleni mwalimu mkuu akamteua Chiriku kuzungumza siku ya uzinduzi, Jumapili. Wenzake wakaanza kumwita "Mjukuu wa Ngazi", naye akavimba kichwa.

Jioni ile ile alimkuta Bibi Dobi amesimama mbele ya kibao. Bibi huyu alikuwa amefua nguo za watu pale mtoni mpaka vidole vyake vikapinda. Kusoma hakujua.

"Mjukuu wangu, nisomee. Wametuandika?"

"Wamewaandika kina nani, bibi?"

"Sisi madobi! Zamani hapa palikuwa tope tupu. Ukishuka na furushi, unafika chini kabla ya miguu yako." Akacheka. "Tulikuwa wanawake tisa. Kiangazi kizima, kila asubuhi kabla ya kufua, kila mmoja alibeba jiwe kutoka kwenye ghala lililobomoka kule juu. Babu yako alikuja baadaye, akatia saruji vidato vitatu vya chini. Wenzangu wote wametangulia. Nimebaki mimi."

Chiriku akageukia kibao. Kibao kilisema: *Ngazi hizi zilijengwa na mwashi mmoja, peke yake.* Alimtazama bibi aliyekuwa akisubiri, akashindwa kumsomea maneno hayo.

"Wamewaandika, bibi. 'Ngazi hizi zilijengwa na wanawake tisa, madobi wa mto huu.'"

Bibi Dobi akapapasa herufi kwa vidole vyake vilivyopinda. "Kumbe hatujasahauliwa," alisema.

Kesho yake bibi alikwenda sokoni akimsimulia kila mtu. Muuza mkaa akaangua kicheko. "Bibi, umeota? Mimi nimekisoma kile kibao. Kinamtaja mwashi. Uzee huu unatafuta sifa za nini?" Soko zima likacheka. Bibi akajifunika khanga yake, akarudi nyumbani, na hakutoka tena.

Mama ndiye aliyemsimulia Chiriku habari hizo Jumamosi, akiwa anashona. Alipomwona bintiye analia, alisimamisha cherehani.

"Nani alimwambia karani maneno yale?"

Chiriku akasema yote. Mama akakata uzi, akakitoa kitambaa chini ya sindano.

"Sitakupiga," alisema. "Baba yangu alitia saruji vidato vitatu, na hakuwahi kudai cha nne. Nenda kwa bibi. Sasa hivi."

Bibi Dobi alikuwa amekaa mkekani, ameupa mlango kisogo.

"Bibi, nisamehe. Nilikusomea uongo ili ufurahi."



"Doa la damu likiwa bichi, mjukuu wangu, hutoka kwa maji baridi," bibi alisema bila kugeuka. "Mtu asiyejua hutia maji ya moto, akidhani anasaidia. Basi linaganda humo humo. Ulipomdanganya karani, lile lilikuwa doa. Uliponihurumia kwa uongo wa pili, ukalimwagia maji ya moto. Ukikosea, uwahi ukweli, hata kama ni wa baridi."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi wamekwisha kunicheka, hilo halifutiki. Lakini wenzangu wamekosa nini? Kesho uwataje. Wote."

"Nakuahidi, bibi."

Bibi akamtajia majina, akamrudisha nyuma kila alipokosea, mpaka akayashika.

Jumapili watu walijaa kwenye ngazi. Bibi Dobi hakuja. Chiriku alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemuuliza. Alisimama.

"Babu yangu hakujenga ngazi hizi," alisema. "Niliongopa."

"Mjukuu wa Uongo!" mtu wa darasa lake alipiga kelele, na wengine wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu akainamisha uso. Karani alifungua daftari lake taratibu, akakata mstari mmoja.

"Kibao kitaandikwa upya," alisema. "Endelea, mwanangu. Ni nani waliojenga?"

Chiriku akaanza kuwataja kwa majina waliyoitana mtoni: Mrefu, Mama Pacha, Kicheko, Bi Kimya. Kila jina liliamsha vicheko. Kila mara alingoja vitulie, akataja linalofuata. Alipofika la nane, ngazi nzima ilikuwa kimya, na muuza mkaa alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

"Na wa tisa ni Bibi Dobi," alisema Chiriku. "Yuko nyumbani kwake. Hakuja kwa sababu yangu."