Kigari Kwenye Njia ya Magamba

Siku ya Alhamisi soko la Lushoto halina pa kuweka mguu, na hapo ndipo Hidaya alipoingia mbio, anasukuma kigari cha mtoto, mbwa mkubwa mweusi kafungwa kamba kwenye mpini. Wanawake wa Rangwi walivuta karoti zao pembeni wakimsema moyoni. Alivaa gauni la maua na suruali chini yake, na raba zilizomzidi mguu, vyote vya mtumba. Miaka ile mitumba ndiyo ilikuwa imeanza kupanda mlimani, na watu walivaa kilichowaangukia.

Hakuwa anakimbia kwa kupenda. Mama Anke, mke wa Mholanzi wa misitu, aliumia goti. Mbwa wake, Bruno, asipokimbia hutafuna viatu, na mtoto wake, Lotte, asiposukumwa halali. Mama Anke akaziunganisha kazi zote mbili akamkabidhi mfanyakazi wake.

Bruno akatia pua kwenye kapu la peasi.

"Dada," alisema mwenye kapu, kijana mrefu mwenye shati la kaki lililopigwa pasi, "mbwa wako anachagua au ameshanunua?"

"Si wangu. Wa kazini."

"Na mtoto?"

"Wa kazini."

"Sasa chako hapo ni kipi?"

"Miguu."

Kijana akacheka. "Na hizi peasi alizolamba nimuuzie nani?"

"Zioshe mara saba, moja kwa udongo. Hukusoma madrasa?"

"Nikizipaka udongo zitakuwa viazi, dada yangu."

Jina lake Mbaraka, mtu wa Shume, mchuuzi wa kabichi na matunda hadi Dar es Salaam. Toka siku hiyo Alhamisi zilimchelewea Hidaya. Na Mbaraka akiwa Dar, kila Jumamosi saa kumi simu ya nyumbani kwa Mama Anke ililia, na Mama Anke akajifanya ana kazi jikoni.

"Mpenzi, mbona unahema?"

"Nimetoka kukimbia."

"Mimi nilidhani ni sauti yangu."

"Sauti yako hainipandishi hata ngazi."

"Haya, sikia. Ijumaa ijayo mjomba wangu, Mzee Hamza, atakuja kwenu na barua ya posa. Ndiye aliyenilea. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Jifunge vizuri, Hidaya, unisitiri."

Hidaya alikata simu kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka yai.

Ijumaa hiyo Mama Anke na mumewe walikuwa Tanga. Hidaya alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka saa sita, jirani ashike mtoto, ila kwanza awakimbize Bruno na Lotte. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya Magamba imekuwa sabuni. Njiani alimwona Lotte amekaza shingo, macho yamepanda, mikono inarushwa. Degedege. Akageuza kigari kuelekea mjini hospitali, akakimbia kama hajawahi kukimbia.

Kwenye kona walikuwa wanateremka wazee wawili, kanzu nyeupe, miavuli kwapani. Gari lao lilikwama, wakaamua kumalizia kwa miguu wawahi sala. Hidaya aliwaona. Kinywa kilitaka kufunguka, lakini pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto. Akapita katikati yao. Bruno, ulimi nje, matope tumboni, akamsugua mmoja toka goti hadi kiunoni.

"Mtoto wa nani huyu," alisikia nyuma yake, "hata shikamoo hana?"

Lotte alipona. Muuguzi alisema ingekuwa dakika kumi zaidi angesema mengine.

Alasiri Hidaya alifika kwao, ameshajiosha kwa udongo, amefunga kanga mpya. Barazani alikaa mzee yule aliyesuguliwa na Bruno, amevaa kanzu ya kuazima.

Hidaya akapiga goti. "Shikamoo, babu."

Mzee Hamza alimtazama, kisha akamtazama baba yake Hidaya. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Leo sijaswali Ijumaa kwa ajili yake na mbwa wake. Nimeoga kisimani kwa watu kama mwendawazimu."

Hidaya alitaka kusema. Lakini kwao binti haongei mbele ya waliokuja kumposa, na mama yake alishamshika mkono anamwingiza ndani. Akasikia karatasi ikirudishwa mfukoni. Ile shikamoo haikuitikiwa.

Jumamosi simu haikulia. Ya pili haikulia. Ya tatu Hidaya alikaa karibu yake mpaka chai ikaganda utando. Namba ya Mbaraka hakuwa nayo. Alikuwa akipiga kutoka maduka ya watu. Mama Anke alimuuliza kama anaumwa. Akajibu hapana, kwa maana hakujua aseme anaumwa wapi.

Wiki ya saba, asubuhi, akiwa mbioni juu ya Magamba, akasikia viatu vizito nyuma yake.

"Hidaya. Simama, mama."

"Mtoto ndio kwanza amelala. Nikisimama anaamka."

Basi Mbaraka akakimbia ubavuni mwake, shati la kaki limelowa, viatu vya ngozi vinateleza.

"Muuguzi anayenunua kabichi kwangu kaniambia. Ulikuwa unaokoa roho. Mimi nilimsikiliza mjomba. Nisamehe."

Moyo wa Hidaya ulipanda kama umetupiwa kamba. "Nilikusamehe zamani. Basi mwambie mjomba."

"Nimemwambia. Amelia." Akavuta pumzi. "Lakini Ijumaa iliyopita ameniozesha binti wa rafiki yake. Nilikuwa na hasira, Hidaya. Nikasema ndiyo."

Magurudumu yaliendelea kuzunguka. Bruno alivuta, naye akamwachia avute.

"Anaitwaje?"

"Salma. Lakini nisikilize. Dini inaruhusu. Ngoja mwaka mmoja tu, nije nikuoe na wewe."

"Salma kakukosea nini?"

Mbaraka aliteleza, akajizuia asianguke. Pumzi zilikuwa zimemwishia. Alibaki nyuma hatua tatu, kisha kumi.

"Hidaya, punguza mwendo. Nakuomba."

"Siwezi," alisema bila kugeuka. "Uende nyumbani, Mbaraka. Na ukifika umwite Salma, usije ukakosea ukamwita jina langu. Hataelewa, na mimi sitakuwapo nimweleze."

Kilima kilikuwa mbele. Akainamia mpini, akasukuma.