Udongo wa Ghorofa ya Nane

Siku za kufua, paa la jengo lile liligeuka soko. Mashuka yalipigwa na upepo, mabeseni yaligombania jua, na akina mama walimsema jirani ambaye bado hajapanda. Katikati ya zogo hilo, mshonaji wa ghorofa ya nane, ambaye wote walimwita Bibi Shamba, alikuwa akihamisha ndoo zake za mboga kufuata jua, kama mtu anayecheza drafti peke yake. Kutulia hakukujua. Hata cherehani yake aliikalia upande, mguu mmoja ukielekea mlangoni.

Ghafla mlango wa chumba cha mtambo wa lifti, ambao hakuna aliyewahi kuuona wazi, ukafunguka kwa kishindo. Akatokea kijana mrefu asiyejulikana na mtu, ovaroli ya buluu, mfuko wa kifuani umechanika na kuning'inia kama sikio la mbwa. Hatua ya kwanza tu, akakanyaga mche wa bilinganya.

"We! Macho umeyaacha ndani?"

"Samahani, dada. Nimefungua mlango nikitegemea paa, nimekuta shamba."

"Usiniombe mimi. Muombe bilinganya."

Kijana akachuchumaa, akaunyoosha mche kwa vidole vyenye grisi. "Bilinganya, nisamehe. Nilikuwa nimezubaa."

"Umezubaa nini?"

"Namjibu bilinganya, au mwenye bilinganya?"

Akina mama wakaangua kicheko. Bibi Shamba akajitazama: gauni la vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, kila kipande na rangi yake, na chini mabuti ya mpira. Kwa mara ya kwanza mabuti yale yakamtia aibu.

Fundi wa lifti akazunguka akitazama. Aliona magunia ya mchicha, ndoo za pilipili zilizotobolewa chini, na matuta ya mbao za kreti yaliyoegemea ukuta wa chumba cha mtambo ili kukwepa upepo. Akaisogeza ndoo kubwa ya nyanya. Akachungulia nyuma yake. Kisha akairudisha polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Bibi Shamba akasimama na ndoo yake mkononi. Nyuma ya ndoo ile ukuta ulikuwa na doa la maji yaliyovuja kutoka kwenye matuta yake, na doa lilikuwa likikua. Ndoo aliiweka pale makusudi.

Lakini fundi aliuliza tu, "Udongo wote huu ulipandaje huku?"

"Kwa lifti yako. Kidogo kidogo, msimamizi akiwa anakula."

"Na siku ukihama?"

"Sihami. Duka nililokuwa nikishonea lilipofungwa, nilijiapiza sufuria yangu na ya shangazi haitamsubiri mtu tena. Nife huku."

"Basi usife. Ukihama niite, nitaubeba mimi. Wote, hata konzi moja haibaki."

"Maneno ya mwanamume juu ya paa!"

"Utaona."

Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Bibi Shamba akamshonea mfuko kwa uzi wa kijani, na fundi akakataa katakata kuutafutia uzi wa buluu. Jioni alimsimulia ndoto yake ya kuwa fundi mkuu. Simu nazo zikaanza.

"Haloo, Bibi Shamba. Nyanya zimeamkaje?"

"Zimeamka salama. Mwenye nyanya hajaulizwa."

"Mwenye nyanya nitamuuliza jioni, uso kwa uso."

"Jioni? Kwani lifti imeharibika tena?"

"Lifti ni nzima, kipenzi. Aliyeharibika ni fundi."

Alicheka, akakata simu, akaenda kuitazama ndoo ya nyanya. Leo nitamwambia juu ya doa, alijisemea. Fundi akija, akazungumzia pilipili. Kesho, basi. Kesho nayo ikazaa kesho.

Ndipo siku moja shangazi yake, aliyeishi naye, akirudi na mkate na sabuni, akakwama ndani ya lifti kati ya ghorofa ya tano na ya sita, taa zimezimika. Fundi alikuja mbio, akaufungua mlango kwa nguvu. Shangazi akatolewa amelowa jasho.

"Nilidhani nimeshafika kaburini," alisema, "nikashangaa mbona kuna vitufe."

Watu wakacheka. Lakini mkate ukamponyoka mikononi, na fundi hakucheka.

"Maji yameingia kwenye umeme," alisema. Akamtazama Bibi Shamba. Bibi Shamba akatazama sakafu.

Kesho yake lifti ikafungwa kwa kufuli, na msimamizi wa jengo akapanda ngazi akihema.

"Jumamosi saa sita mchana vibarua wangu wanatupa vyote hivi. Ukitaka, chukua kile kipande cha ardhi nyuma ya maegesho. Lakini uteremshe mwenyewe."

"Nani kasema maji ni yangu?"

"Fundi wako. Kwani hujui? Tangu siku ya kwanza nilimtuma atafute unyevu unatoka wapi."

Bibi Shamba alipiga simu papo hapo. "Kumbe mimi nilikuwa unyevu wako?"

"Nisikilize, mpenzi—"

"Mpenzi wako ni ukuta! Ulikuwa ukipanda kunitazama mimi, au kuutazama huo ukuta?"

"Nipe nafasi nikueleze."

"Kaueleze ukuta." Akakata. Simu ikalia siku nzima, na siku ya pili, naye akawa anazunguka paani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi asubuhi alijaribu gunia la kwanza peke yake. Baada ya ngazi chache tu akalitua. Alikuwa amelikalia, machozi yakimlenga, aliposikia funguo zikilia chini, zikipanda. Fundi akatokea: shati jeupe lililopigwa pasi, tai, viatu vinang'aa.

"Unaenda harusini?"

"Nilisema nitaubeba. Inuka hapo."

Akainuka.

Shangazi alikuwa ameweka kiti mlangoni. "Mwanangu, si ufunguo wa lifti huo kiunoni?"

"Ndio, shangazi."

"Basi?"

"Mtambo haujakauka. Nimeifunga mimi, siwezi kuwa wa kwanza kuifungua."

"Hata kwa udongo? Udongo hauna roho."

"Anayeusindikiza anayo."

Wakateremka, wakapanda, wakateremka. Shati likageuka rangi ya udongo. Kishikio cha ndoo ya nyanya kilipokatika, fundi akavua tai, akakifunga nayo. Walikuwa katikati ya ngazi simu yake ilipolia, mikono yake imejaa. Bibi Shamba akampokelea.

"Uko wapi wewe?" sauti ilifoka. "Wenzako wote wameingia kwenye mtihani! Mlango unafungwa!"

Bibi Shamba akalikumbuka shati jeupe na tai. Mtihani wa ufundi mkuu, wa mara moja kwa mwaka, ule aliouota na kuusimulia kila jioni!

"Nenda! Kimbia!"

"Nilidhani nitabeba magunia mawili niondoke. Nikakuta mko wewe na shangazi tu."

"Mwaka mzima unautupa kwa udongo?"

Fundi akaitua ndoo. "Siku ya kwanza nilitumwa na unyevu, kweli. Nikauona siku ileile. Wiki zote nilizorudi, ukutani sikuwa na cha kutafuta tena. Msimamizi nikawa namwambia bado natafuta." Akajipangusa jasho. "Shangazi alikwama kwa uongo wangu."

"Na wangu," alisema Bibi Shamba. Neno hilo lilikuwa jepesi kuliko alivyoliogopa. "Ndoo niliiweka mimi."

Wakashika ndoo pamoja, huku na huku.

Gunia la mwisho lilipasuka ghorofa ya pili. Udongo mweusi ukamwagika ngazi kwa ngazi, na chini vibarua wakaanza kupanda na mabeleshi yao. Fundi akapiga magoti, akaanza kuuzoa kwa viganja.

"Acha huo, ni konzi tu," Bibi Shamba alimwambia.

"Nilisema wote."

Vibarua wakasimama, wakampisha. Bibi Shamba akakaa kwenye ngazi, akalitandaza gauni lake la vipande mapajani, akatulia tuli.

"Basi tia hapa," alisema.