Jina Ambalo Odeta Hakuliandika

Kila asubuhi pale Mkolani, kabla uji haujapoa, Odeta alimletea mama yake kikombe cha maji na kidonge cha presha.

"Kitendawili!" mama alisema.

"Tega!"

"Askari wangu mdogo kuliko punje ya mahindi, asipoingia zamu nyumba nzima inatikisika."

"Kidonge!" Odeta alicheka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kitendawili hicho alikwisha kukisikia mara mia.

Jumamosi hiyo walikwenda Kiseke. Kampuni ya kufungasha samaki alikofanya kazi mama, Bi. Dorotea, ilikuwa na siku ya michezo ya wafanyakazi na familia zao. Walicheza padel, mchezo ulio ndugu wa tenisi, wawili kwa wawili ndani ya kuta za kioo. Wachezaji walikuwa wanane, viwanja viwili, raundi saba. Kila raundi mtu alipewa mwenzi mpya, lakini pointi alizopata zilikuwa zake peke yake. Hakuna aliyetolewa, na hakuna aliyepumzika. Mmoja akikosekana, watatu wanasimama bure.

Kwa sababu ya presha, mama alikuwa amekubaliana na meneja, Bwana Ashish, kwamba acheze raundi tatu tu, kisha Pius wa stoo ashike nafasi yake. Bwana Ashish akampa Odeta karatasi ya ratiba.

"Una mwandiko mzuri, binti. Nakili yote ubaoni, na pointi uziandike wewe. Mimi nami nacheza."

Odeta alipokuwa ananakili, Queen, binti wa msimamizi wa mama, akaja kuchungulia.

"He! Mama yako naye yumo? Yule wa kusukuma toroli la barafu? Atashindwa hata na babu yangu!"

"Subiri uone," Odeta akasema.

Akaitazama karatasi. Pius akiingia, pointi za mama zingeishia raundi ya tatu, na jina lake lingebaki mkiani. Basi akaliruka jina la Pius. Kuanzia raundi ya nne hadi ya saba akaandika: Dorotea.

Mama alianza vizuri mno. Raundi ya tatu ilipokwisha alikuwa anaongoza wote. Pius akaja, akausoma ubao toka juu hadi chini, hakujiona. "Basi wamenibadilisha," akasema, akaenda kugeuza samaki jikoni.

Mama akaja anafuta jasho. "Odeta, Pius yuko wapi?"

"Jina lake halipo ubaoni, mama."

Mama aliutazama ubao, kisha akawatazama wale watatu waliokwisha kujipanga. "Dorotea, twende! Tunakungoja wewe!" wakaita. Akarudi uwanjani.

Raundi ya nne uso ulimbadilika. Odeta aliona. Alifungua mdomo, akaufunga. Bado kidogo tu, akajiambia. Raundi ya tano mama aliinua raketi, raketi ikamtoka mkononi. Akaegemea kioo, akateremka taratibu mpaka chini, mdomo umekwenda upande.

Hospitalini, nje ya wodi, Bwana Ashish alimgeukia Pius kwa hasira.

"Pius, tulikubaliana! Ulikuwa wapi? Jumatatu uje ofisini ujieleze."

"Bosi, sikujiona ubaoni. Haki ya Mungu."

"Nilikuandika kwa mkono wangu!"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa Odeta, imelowa jasho. Aliitoa, akainyoosha mbele yao.

"Siyo Anko Pius. Mimi ndiye niliyeliruka jina lake. Nilitaka mama awe wa kwanza."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Pius alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia. "Nami sikuutazama ule ubao hata mara moja," Bwana Ashish akasema polepole.

Mama aliweza kuzungumza siku ya tisa, maneno yakimtoka moja moja. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama wa mtu mwingine. Odeta akapiga magoti, akamweleza yote, hakubakiza.

"Nilikuuliza Pius yuko wapi," mama akasema. "Ulinijibu neno la kweli, lakini ulilitumia kunidanganya. Huo ni uongo, mwanangu. Na kunyamaza kwako ulipoona nachoka, huo nao ni uongo. Siku ile ulimwokoa Pius. Sasa shika hivyo hivyo: sema mapema, kabla mtu hajaanguka."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Nipe mpira."

Daktari alisema mkono huenda ukarudi, kwa mazoezi ya miezi mingi. Pius ndiye aliyeleta mpira wa padel wa kuminya. Mama aliuminya huku amefumba macho, jasho likimtoka, na Odeta akahesabu akiwa na daftari magotini.

"Mara ngapi?" mama akauliza.

Odeta alitamani sana kusema tano.

"Mara mbili, mama."

"Basi andika mbili."

Akaandika mbili.